Mbwa, Mtoto Mdogo na Ua wa Tabora

Ushauri mwingi kuhusu mbwa na mtoto mdogo umeandikwa kwa ajili ya nyumba ambayo mbwa analala sebuleni. Wazazi wanaambiwa wafunge kigeti mlangoni mwa chumba, wamwekee mbwa kitanda chake kando ya kochi, wamtembeze asubuhi na jioni akiwa kwenye kamba. Mzazi wa Ng'ambo, Isevya au Kanyenye mjini Tabora hapati pa kuushika ushauri huo. Mbwa wake haingii sebuleni. Mchana yuko kwenye mnyororo nyuma ya nyumba, usiku anafunguliwa azunguke ua, na kazi yake ni kubweka mtu akiruka ukuta. Mtoto naye hashindi sebuleni. Anashinda uani, juu ya mkeka au chini ya mwembe, hatua chache kutoka kwenye jiko la mkaa, mahali palepale ambapo makombo ya chakula cha mchana humwagwa kwa ajili ya mbwa.

Kwa ua wa namna hiyo, suala la mbwa mpole au mbwa mkali halipaswi kuwa la kwanza. La kwanza ni ua umepangwaje. La pili ni nani hasa anamtazama mtoto. La tatu ni kama mbwa amechanjwa. Familia iliyoyaweka sawa hayo matatu inaweza kuishi salama hata na mbwa mwenye hasira za haraka. Iliyoyaacha inaweza kuumizwa na mbwa yule yule ambaye majirani wote wanamsifu kwa upole.

Watu na wanyama kuishi ua mmoja si jambo geni Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora. Enzi Tabora ilipokuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, mwenye mali alijenga tembe: nyumba ya udongo ya pembe nne, paa bapa, vyumba vikizunguka uwanja wa ndani ambamo mifugo iliingizwa jioni. Tembe la Kwihara, walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, linaonyeshwa kwa wageni mpaka leo. (Stanley alitoka pwani na mbwa wa ulinzi aliyeitwa Omar, ambaye alifia njiani kabla msafara haujafika Unyanyembe.) Uwanja wa tembe ulikuwa na wanyama wengi, lakini pia ulikuwa na macho mengi: bibi, shangazi, wake wenza, vijana, wageni waliolala baraza. Mtoto aliyetambaa kuelekea pabaya alinyakuliwa na aliyekuwa karibu. Ua wa leo una ukuta wa tofali na geti la chuma, na mara nyingi mchana kuna mtu mzima mmoja tu, naye anafua. Mbwa yupo kama zamani, macho yamepungua.

Dini nayo ina sehemu yake katika jambo hili, na haifai kuipita kimya kimya. Waislamu wengi wa Tabora, kama wenzao wa pwani, wanafuata madhehebu ya Shafii, ambayo yanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi: chombo alichokiramba huoshwa mara 7, moja ya hizo kwa udongo. Methali ya mchezea mbwa kuingia naye msikitini imetokana na mazingira hayo. Wapo wanaodhani kwa sababu hiyo Mwislamu hana haja ya kujua lolote kuhusu mbwa. Sivyo. Mbwa wa kulinda, wa kuwinda na wa mifugo ameruhusiwa, na aya ya 4 ya Sura ya Al-Maida inahalalisha mawindo yaliyokamatwa na mnyama aliyefunzwa. Kwa usalama wa mtoto, kanuni ya kumweka mbwa mbali na vyombo na mahali pa kuswalia ni msaada mkubwa, maana tayari inamgawia mbwa eneo lake. Tatizo linaanzia pale mgawo huo unapobaki kichwani mwa watu wazima tu. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hajui najisi ni nini, na kama hakuna kizuizi cha kweli kati yake na mbwa, kanuni haitamzuia.

Tuje kwenye mnyororo, kwa kuwa wengi wanauona ndio kizuizi chenyewe. Mwaka 1994 daktari Kenneth Gershman na wenzake walichapisha utafiti wa mjini Denver, Marekani, uliolinganisha mbwa waliouma watu na mbwa wa mitaa ileile ambao hawakuuma. Miongoni mwa waliouma, waliokuwa wakifungwa mnyororo uani walikuwa wengi zaidi kwa kiasi kikubwa. Kadhalika madume, na wale ambao hawakuhasiwa. Sababu si ngumu kuiona. Mbwa aliyefungwa hawezi kuondoka anapoogopa, kwa hiyo amebakiwa na meno tu. Duara la mnyororo wake linakuwa nchi yake ndogo, yenye bakuli lake, kivuli chake na mfupa wake, na chochote kinachoingia humo anakihesabu kuwa mvamizi. Mtoto anayejifunza kutembea haoni duara hilo. Anamwona mbwa amelala, anamfuata.

Kinachofaa ni banda. Si lazima liwe la kifahari: mabanzi, wavu wa kuku na mlango wenye komeo ambalo mtoto halifikii, kivuli cha kutosha kwa jua la Septemba na Oktoba, na maji yasiyokauka. Mbwa anaingia mwenyewe mchana akishazoea kulishwa humo. Nyumba za pembezoni zenye uzio wa minyaa zinaweza kukata kona moja ya uzio ikawa ya mbwa. Asiyeweza banda mwezi huu na afunge waya mrefu kati ya miti miwili, mnyororo ukimbie juu yake, kisha atembee mpaka mwisho wa mnyororo kila upande na kupiga mstari ardhini. Jiko, mkeka, bomba na njia ya choo vyote viwe nje ya mstari huo. Kazi hiyo haimalizi hata saa moja, na ingeepusha majeraha mengi ya uso.

Nimesema uso kwa sababu. Mtu mzima akiumwa, mara nyingi ni mguu au mkono. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 ana kimo ambacho uso wake unalingana na mdomo wa mbwa, na anaposimama kwa kuyumba anashika chochote kilicho mbele, liwe sikio au mkia. Halafu hajui kusoma sura ya mnyama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, wakiongozwa na Kerstin Meints, waliwaonyesha watoto picha na video za mbwa na kugundua kwamba wadogo wengi waliona mbwa aliyetoa meno kuwa anatabasamu. Mtoto wa namna hiyo hukaribia zaidi palepale anapotakiwa kurudi nyuma. Hakuna somo la mdomo litakalobadilisha hilo kwa mtoto wa miaka 2.

Kwa hiyo swali la nani anamtazama ni zito kuliko linavyoonekana. Katika vijiji vya tumbaku vya Urambo, Kaliua na Sikonge, msimu wa kuvuna na kukausha majani kwenye mabani unawachukua watu wazima tangu alfajiri. Mtoto mdogo anaachiwa kaka au dada wa miaka 7 au 8. Mjini ni hivyo hivyo mama anapokwenda gengeni. Mtoto wa miaka 7 ni mlezi hodari kwa mambo mengi: atambeba mdogo wake, atamlisha uji, atambembeleza. Kumtenganisha na mbwa si mojawapo. Akijaribu, mara nyingi atampiga mbwa fimbo au kumvuta mdogo wake kwa kelele, na vyote viwili vinamchochea mbwa. Mlezi huyo apewe sheria moja tu, fupi: wakubwa wakiondoka, mbwa yuko bandani. Hata mtu mzima, kuwa uani hakutoshi. Anayemtazama mtoto aliye karibu na mbwa awe umbali wa kunyoosha mkono, na simu iwe mfukoni.

Kuna nyakati ambazo hatari inapanda ghafla, na kila mwenye mbwa anazijua ingawa hazitaji. Ya kwanza ni chakula. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, uliochapishwa mwaka 2007 na Ilana Reisner na wenzake, ulionyesha kwamba mbwa aliyemuuma mtoto anayemfahamu mara nyingi alikuwa akilinda chakula au kitu chake. Aliyemuuma mtoto asiyemfahamu alikuwa akilinda eneo. Kwetu hatari hiyo inazidishwa na mazoea ya kutupa mifupa na ukoko chini wakati familia bado inakula mkekani. Mtoto ana kipande cha nyama mkononi, mbwa ana mfupa mita moja pembeni, na wote wawili wanadhani cha mwenzake ni chake. Mbwa apewe chake bandani, mlango umefungwa, kabla sinia halijatengwa. Ya pili ni usingizi: mbwa aliyekesha akilinda amelala mchana fofofo, akakanyagwa. Ya tatu ni jike aliyezaa. Jike mwenye watoto wachanga hana upole wa kutegemea, hata kama amelelewa humo tangu udogo wake, na watoto wa mbwa ndio kitu kinachomvuta mtoto wa binadamu kuliko vyote. Atengwe kabisa wiki zake za mwanzo.

Ya nne ni ya kwetu zaidi. Familia nyingi bado zina desturi ya mama kwenda kujifungulia kwao, hasa uzazi wa kwanza, na kurudi kwa mume baada ya miezi kadhaa. Mbwa hakuona mimba ikikua wala kichanga kikiletwa. Siku moja geti linafunguliwa, anaingia mtu mdogo anayepiga kelele za ajabu na kuchukua muda wote wa watu. Kibaya zaidi, siku hiyohiyo mbwa anafukuzwa kwenye kibaraza alicholala miaka 3. Kama banda linahitajika, lijengwe wiki nyingi kabla, mbwa alizoee wakati bado hakuna mtoto wa kumlaumu. Nguo aliyovaa mtoto iletwe mapema, inuswe, iwekwe mahali mbwa anapolishwa. Siku ya kurudi, mama asalimiane na mbwa kwanza mikono ikiwa mitupu, mtoto akiwa kwa mtu mwingine. Baada ya hapo mbwa asilazimishwe kumsogelea mtoto, wala mtoto asipelekwe kwa mbwa ili watu wacheke na kupiga picha.

Mbwa hutoa taarifa kabla ya kuuma, ila watu hawazisikilizi. Anageuza uso pembeni. Anapiga miayo wakati hana usingizi, anajiramba midomo wakati hajala, anakunja mkia, analaza masikio, weupe wa jicho unaonekana, kisha mwili mzima unakakamaa. Kunguruma kunakuja mwisho wa orodha. Hapo ndipo wenye mbwa wengi wanapoharibu: wanamchapa kwa kumngurumia mtoto. Mbwa aliyechapwa kwa kunguruma hajifunzi kumpenda mtoto, anajifunza kutonguruma, na mara nyingine atauma bila onyo. Mtoe mtoto, mpeleke mbwa bandani, kisha tafuta nini kilimsumbua.

Sasa chanjo, ambayo nitaichukulia nafasi kubwa zaidi kwa kuwa ndiyo inayotenganisha jeraha na kifo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linatumia makisio ya vifo takriban 59,000 kwa mwaka duniani, karibu vyote kutokana na mbwa, na wanne kati ya kila waathirika 10 ni watoto chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, Sarah Cleaveland na wenzake walikadiria mwaka 2002 vifo karibu 1,500 kwa mwaka, mara nyingi zaidi ya vilivyokuwa vikiingia katika takwimu rasmi. Mtoto anayefia nyumbani kijijini haandikwi popote. Na jeraha la uso au kichwa, ambalo tumeona ndilo la watoto wadogo, ndilo baya zaidi, kwa kuwa virusi hupanda kwa njia ya mishipa ya fahamu kuelekea ubongo, na safari ya kutoka shavuni ni fupi kuliko ya kutoka kisiginoni.

Hapa njia ya misafara inarudi katika habari yetu. Tabora imekuwa njia panda tangu kabla ya wapelelezi Burton na Speke kuifikia mwaka 1857. Reli ya kati ilifika mwaka 1912 na kuendelea hadi Kigoma mwaka 1914. Leo kuna barabara kuu kwenda Nzega, Kigoma na Manyoni. Wafugaji wa Kisukuma wamepita mkoa huu na ng'ombe wao, na mbwa wao, kuelekea Katavi na Rukwa. Wawindaji na warina asali wa misitu ya miombo wanatembea na mbwa wanaoweza kukutana na mbweha na fisi. Utafiti wa vinasaba vya virusi uliofanywa Algeria, Morocco na Tunisia, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba kichaa cha mbwa husafiri kwa kufuata barabara, yaani kinabebwa na watu wanaosafirisha mbwa. Hata Pemba, kisiwa ambacho kampeni za chanjo zilikisafisha, ugonjwa uliingizwa tena mwaka 2016 na ikabidi uondolewe upya. Mji wenye reli na barabara tatu hauwezi kujivunia kwamba mtaani kwetu hakujawahi kuonekana mbwa mwenye kichaa.

Kinga inajulikana. Mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa katika eneo, maambukizi hukatika. Mbwa wa nyumbani huchanjwa kuanzia miezi 3 na kurudiwa kila mwaka. Lipo kosa moja linalorudiwa kwenye vituo vya chanjo: watu wanaleta mbwa wakubwa, wanawaacha wadogo nyumbani wakidhani hawahitaji. Katika kampeni za umma hata walio chini ya miezi 3 wanachanjwa, na inafaa wachanjwe, kwa maana hao ndio wanaobebwa na watoto kutwa nzima. Kisingizio cha kukosa umeme wa kuhifadhi chanjo nacho kimepungua nguvu. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba aina moja ya chanjo ya mbwa inayotumika Tanzania hubaki na nguvu ikihifadhiwa miezi 6 kwenye nyuzi joto 25, au miezi 3 kwenye nyuzi 30, na watafiti wakaendelea kujaribu kuihifadhi vijijini kwa vyungu vya udongo vyenye mchanga mbichi. Hiyo ni teknolojia ambayo bibi yeyote wa Unyamwezi angeielewa bila semina.

Mtoto akiumwa, au akikwaruzwa ngozi ikachubuka, au akirambwa penye kidonda, kazi inaanza nyumbani. Jeraha lioshwe kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, mtoto alie asilie. Mafuta ya taa, pilipili na dawa za kienyeji ziachwe. Kisha hospitali siku hiyohiyo. Kwa Tabora mjini ni Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, na kwa wilayani mzazi aulize kwanza kwa simu kituo kipi kina chanjo kabla ya kupanda bodaboda. Ratiba fupi inayokubaliwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2018 ni sindano za ngozi siku ya kwanza, siku ya 3 na siku ya 7 baada yake. Hospitali nyingine hutumia ratiba ndefu zaidi. Jeraha la uso linahitaji pia dawa ya kingamwili inayochomwa kwenye jeraha lenyewe. Sindano zisikatishwe kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Joseph Meister, mvulana wa miaka 9 ambaye Louis Pasteur alimchanja tarehe 6 Julai 1885, hakuwa na dalili za kichaa naye, na alibaki mzima kwa sababu alichomwa zote.

Mbwa aliyeuma asiuawe papo hapo, hata hasira ziwe kali namna gani. Afungiwe, aangaliwe siku 10 na ofisa mifugo. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa akiambukiza siku aliyouma, na daktari ndiye atakayeamua sindano zilizobaki. Akifa au akibadilika, kichwa chake kipimwe, na Tabora ina bahati ya kuwa na kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Mbwa aliyepigwa mawe hadi ubongo kuharibika haipi maabara chochote cha kupima.

Minyoo niipitie upesi. Mtoto anayetambaa anakula udongo, na mbwa asiyepewa dawa anaacha mayai ya minyoo na viluwiluwi vya safura kwenye udongo huo huo. Kinyesi kizikwe kila asubuhi ua unapofagiliwa, mbwa apewe dawa ya minyoo kila baada ya miezi 3, na watoto wa mbwa waanze wakiwa na wiki 2.

Kuna Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, zote zikimbebesha mwenye mnyama wajibu. Mtaani hazisikiki, na kwa maoni yangu hakuna polisi atakayekuja kukagua urefu wa mnyororo wako. Uamuzi unabaki kwa mwenye nyumba. Mwenye nafasi ya banda, fedha ya chanjo ya kila mwaka na mtu mzima anayeshinda nyumbani anaweza kufuga mbwa na kulea mtoto pamoja bila wasiwasi mkubwa. Asiye na hata kimoja kati ya hivyo aweke taa ya ulinzi na kufuli imara kwa sasa, na suala la mbwa lisubiri hadi mtoto afike umri wa kwenda shule.